Wabeba Barafu wa Thangchu

Thangchu, 19 Novemba 2018

Shemeji Shakoor,

Salaam aleikum. Natumaini umefika Islamabad salama na malengelenge ya miguu yako yamepata ofisi nzuri ya kupumzikia. Huku tumebaki na Shakoor wa pili. Haider mwenye duka anaigiza mwendo wako wa siku ile ya mwisho, mkono kiunoni na ulimi nje, na wateja wanaagiza chai nyingine ya chumvi ili arudie. Mimi pia nilicheka sana, mpaka akaanza kuigiza wangu.

Unajua nina simu. Lakini hapa kijijini mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya paa la duka la Haider, na mtu akipanda pale nusu ya kijiji hukaa chini kusikiliza. Wasiposikia vizuri wanaomba urudie. Jambo nililonalo si la paani. Nimempa Manzur dereva barua hii, na bahasha nimeibandika mara mbili kwa gundi ya shule.

Shemeji, nilisema.

Uliondoka hapa ukiwa na miaka kumi, labda hujui uzito wake. Apo Hadi, babu yetu anayejua mambo ya barafu, alituapisha wote kumi na wawili. Tulichukua barafu jike, ile nyeupe yenye maji, na barafu dume, ile nyeusi ya mawe, tukazipandisha hadi pangoni juu ya kijiji ili zilale pamoja, zizae na kukua. Njiani mzigo hauguswi na ardhi na mdomo haufunguliwi. Anayesema neno anaua barafu. Babu zetu walifanya hivyo na maji tunayokunywa yametoka huko. Mradi wa ofisi yenu ukaliita jambo hilo "suluhisho asilia la jamii" ukatugawia makoti ya njano, lakini sharti ni lile lile.

Sisi wawili tulikuwa wa mwisho. Kumi waliotangulia walishakata kona, na upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu. Ukawa unaweka mguu juu ya theluji iliyofunika ufa. Niliiona rangi yake. Nikapiga kelele, "Shakoor, simama!" Ukasimama.

Maneno mawili tu. Miaka ishirini na minane nimewaambia watoto wa watu wanyamaze darasani, nikatakiwa kunyamaza mimi siku mbili, nikashindwa.

Chemchemi ya juu imekauka tangu Julai, na ya chini inatoa maji kama mzee anayetema mate. Barafu isiposhika, mtatuhamisha nyumba zote thelathini na moja kwenda kwenye ule mchanga kando ya Mto Indus, tukapande shayiri kwenye vumbi. Nikifikiri kwamba watu wote hao watahama kwa sababu ya mdomo wangu, chakula hakipiti. Dada yako Hajira anadhani ni meno.

Mtu mwingine hajui. Niambie nifanye nini.

Shemeji yako,
Rozi Ali


Islamabad, 11 Desemba 2018

Shemeji Mwalimu,

Waaleikum salaam. Barua imefika ikiwa imebandikwa vizuri mno, nimelazimika kuikata kwa kisu na kupoteza nusu ya salamu zako.

Kwanza, ahsante. Nilikuwa sijakushukuru. Usiku ule ule nilitaka, lakini tulikuwa bado tumenyamaza, na baadaye nikaona haya.

Pili, usimwambie mtu yeyote. Nakuomba kama mdogo wako na kama mwanafunzi wako uliyempiga rula kwa sababu ya jedwali la saba. Kijiji kikianza kutafuta mwenye kosa hakitapata muda wa kutafuta maji.

Mambo ya ofisi ni haya. Mfuko wa mataifa uliotoa fedha unatambua mradi wa miezi kumi na minane. Mimi niliwaeleza kwamba barafu ya kupandwa huchukua miaka kumi na miwili kabla ya kutoa maji ya maana. Wakaniuliza kama inaweza kuharakishwa. Tukakubaliana kwamba tarehe 31 Agosti mtu atapanda pangoni kuangalia. Barafu ikiwepo, hata kidogo, mradi unaendelea na nyinyi mnabaki. Isipokuwepo, kuna mpango wa kuhama, umeshachapwa, una jalada la kijani lenye picha ya mtoto anayecheka. Yule mtoto si wa kwetu.

Kesho nasafiri kwenda kwenye siku za mwisho za mkutano mkubwa wa tabianchi huko Ulaya, kubeba makaratasi ya wakubwa. Mwambie dada nimechukua sweta alilonifumia.

Tafadhali kula.

Shakoor


Thangchu, 2 Machi 2019

Shemeji,

Nakula. Hajira ameniwekea tambi zenye rojo ya kokwa za jozi mbele mara tatu wiki hii, akaketi kunikodolea macho hadi nikamaliza. 

Sikiliza habari za majira ya baridi. Januari theluji ilianguka siku nne, tukafurahi. Februari tarehe 9 ikanyesha mvua. Shemeji, mvua! Februari! Mimi nimezaliwa hapa na nina miaka hamsini na miwili, sijawahi kuona mvua Februari. Watoto walitoka madarasani wakaikinga kwa mikono, na mimi nikawaacha, kwa sababu ningewaambia nini? Iliosha theluji yote ya mteremko wa juu. Usiku tukawa tunasikia mawe yanashuka.

Siku ya pili Apo Hadi akaja nyumbani. Hakuja kwa chai. Akakaa mlangoni na fimbo yake.

"Mwalimu, wewe ulikuwa nyuma. Kuna mtu alifungua mdomo?"

"Nyuma kulikuwa na upepo, Apo."

"Nimekuuliza habari za upepo?"

"Sikusikia mtu," nikasema. Na kweli sikumsikia mtu, nilijisikia mwenyewe. Unaona nilivyofika? Nimekuwa kama wale wanafunzi wangu wanaosema hawakuvunja dirisha, ni jiwe.

Akainua fimbo yake akaondoka. Amezunguka kwa wabebaji wote na swali hilo hilo, na wote wamesema hapana. Sasa tukikutana kwenye mfereji kila mtu anaangalia ndoo yake. Najua wanachofikiri: kuna mmoja wetu anasema uongo. Na wako sahihi, na ni mimi.

Ijumaa ya tarehe 15 nitasimama mbele ya watu niseme. Ikinibidi kuhama peke yangu nitahama. Nimekwisha mwambia Hajira kwamba nina jambo zito la kusema hadharani. Akasema, "Kama ni mke wa pili, sema nje, ndani nimefagia."

Nisaidie au uniachie niseme.

Rozi Ali


Islamabad, 9 Machi 2019

Shemeji Mwalimu,

Nimemwomba Manzur alale Islamabad siku moja ili nimalize barua hii. Kama itakukuta umekwisha sema Ijumaa, nisamehe kwa kuchelewa. Kama hujasema, usiseme. Soma kwanza.

Sikukuambia kila kitu. Mlipoapa, na mimi niliapa. Lakini ndani ya lile koti la njano, chini ya kola, kulikuwa na kinasa sauti. Mradi ulitaka kumbukumbu za safari: urefu wa mahali, saa, hali ya wabebaji. Niliambiwa nisipoleta sauti, safari haitahesabiwa kuwa imefanyika. Basi tangu tulipotoka chini nilikuwa naongea. Taratibu, ndani ya kola, kila baada ya dakika kumi. Mlidhani natweta. Kuna saa sita za sauti yangu hapa ofisini, na kwenye saa ya tano unasikika wewe unapiga kelele, halafu nasikika mimi nasema: "Mbebaji wa mwisho ametoa onyo."

Wewe ulisema maneno mawili. Mimi nilikwisha sema labda elfu tatu. Nimekuacha miezi minne ukijitafuna kwa kosa ambalo mimi nililitangulia. Nilijiambia nitakueleza barua ijayo. Hii ndiyo barua ijayo.

Na kuna jambo jingine. Niliacha kipimajoto pangoni kinachotuma namba zake hapa. Pango limekuwa na joto kuliko linavyopaswa tangu Desemba. Barafu haikufa kwa sauti yako wala yangu. Inakufa kwa joto, na joto hilo halikuwashwa Thangchu, ambako watu wanachoma samadi na matawi ya mwaprikoti.

Kule Ulaya nilikaa kwenye ukumbi wenye watu elfu nyingi. Walizungumza wiki mbili mchana na usiku, muda ukaisha, wakaongeza ili wazungumze zaidi. Nilikuwa nimeketi nyuma na makaratasi, nawafikiria nyinyi wenzangu kumi na mmoja mnapanda mlima na meno yameuma midomo. Nikatoka nje kupata hewa.

Nilaumu mimi.

Shakoor


Thangchu, 29 Agosti 2019

Shakoor,

Miezi mitano sikukuandikia. Hajira alikuwa ananiambia, "Mjibu ndugu yangu," nami nasema wino umekwisha. Mwalimu mzima, kabati lina chupa nane.

Sikusema Ijumaa ile. Barua yako ilifika asubuhi yake, nikaisoma, nikarudi nyumbani nikalala na viatu. Nilikasirika, sikatai. Si kwa kinasa sauti, nani asiyejua nyinyi watu wa ofisi hamwezi kukaa kimya. Nilikasirika kwa sababu uliniacha niamini nina nguvu kubwa hivyo. Mtu wa makamo asiyeweza kuwanyamazisha watoto wa darasa la pili, akaamini ameua mlima.

Sasa sikiliza. Juzi nilipanda na Apo Hadi pangoni, siku nne kabla ya mtu wenu. Alipumzika mara kumi na saba. Tulipofika akaingia yeye kwanza. Mlangoni makapi ya ngano tuliyofunikia yalikuwa yameloa na kuoza, yananuka kama zizi. Mkaa tuliotandaza chini upo. Viriba tulivyojaza maji ya mto vimepasuka. Tulichimba kwa mikono. Chini kabisa, kwenye kona, nikagusa kitu cha baridi. Kipande kama mkate mmoja, cheusi, cha ile dume. Jike hakuna kabisa.

Apo Hadi alikichukua akakiweka juu ya kilemba chake, akakaa nacho.  Tukakaa hivyo mpaka kilemba kikalowa.

Kesho kutwa mtu wenu anapanda. Hatakuta hata hicho.

Huku chini maji tunagawana kwa saa. Zamu yetu ni alfajiri, Hajira anaamka na jembe kufungua mfereji, na kinachokuja ni tope. Aprikoti zimedondoka zikiwa ndogo kama macho ya samaki. Nyumba tatu zimeshaulizia ule mchanga wenu. Mke wa Haider ameanza kufunga vyombo, anafungua akipika, anafunga tena.

Nakuuliza si kama shemeji, bali kama mkazi wa Thangchu: ni lini tunaondolewa?

Rozi Ali


Islamabad, 9 Septemba 2019

Shemeji Mwalimu,

Sikuwa na haki ya jibu lako, nimelisoma mara nyingi hata hivyo.

Mkaguzi ameleta taarifa: "Barafu: haipo." Kazi ya kujaza fomu ya mwisho ni yangu. Ina swali moja la maana: sababu ya kushindwa. Niliandika ukweli. Niliandika kwamba dunia imepashwa joto na moshi wa watu wa mbali, nikaambatisha namba za kipimajoto, kurasa kumi na nne.

Ikarudishwa. Mkuu wangu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Taja sababu iliyo ndani ya uwezo wa walengwa." Walengwa ni nyinyi. Nikaenda kumwona. Si mtu mbaya, ana kisukari na anapenda kriketi. Akanieleza polepole kama vile mimi ndiye ninayetoka mlimani. Fomu ina njia mbili. Sababu ikiwa nje ya uwezo wa kijiji, basi kijiji hakiwezi kurekebisha, kwa hiyo kihame. Sababu ikiwa ndani ya uwezo wa kijiji, kirekebishe na kupewa mwaka mmoja wa kujaribu tena.

"Kwa hiyo nikisema kosa ni la dunia, wanahama," nikamwambia. "Nikisema kosa ni lao, wanabaki?"

"Sikuitunga mimi," akasema. "Hakuna chochote walichokosea? Fikiri vizuri, Shakoor."

Shemeji, kosa pekee ninaloweza kulitaja ni kile kiapo cha kunyamaza kilichovunjwa. Nilitaka kuandika jina langu na saa sita zangu. Haliwezekani, mimi ni mtumishi wa mradi, si mlengwa. Wanataka mbebaji wa kijijini, jina na sahihi, kwamba alizungumza njiani. Karatasi itawekwa kwenye jalada litakalosomwa na mataifa.

Siwezi kukuomba. Nakupa taarifa tu. Mwisho ni tarehe 30.

Shakoor


Thangchu, 21 Septemba 2019

Shemeji Shakoor,

Mwaka jana ulinikataza kusema, mwaka huu unanilipa nyumba thelathini na moja niseme. Mradi wenu hauna huruma na watu wenye kumbukumbu.

Ijumaa baada ya sala nilisimama. Nilisoma barua yako yote, ile ya kisukari na kriketi. Halafu nikasema: "Mtu huyo ni mimi. Nilizungumza."

 Api Kulsum, mama yake Haider, ambaye tangu Machi hajibu salamu ya mbebaji yeyote, akauliza kutoka upande wa wanawake, "Ulisema nini?"

"Shakoor, simama."

"Basi?"

"Basi."

Haider akakohoa. "Mimi niliimba," akasema.

"Uliimba?"

"Kidogo. Wimbo wa harusi. Ulikuwa umenikaa kichwani tangu Jumatatu."

Manzur dereva akainamisha kichwa. "Pale kileleni simu ilishika mtandao. Mke wangu akapiga. Anauliza chumvi iko wapi."

"Ukajibu?"

"Wewe ungekuwa mimi usingejibu?"

Baada ya hapo ilikuwa kama mfereji umefunguliwa. Mmoja alilitukana jiwe. Wawili walibishana kuhusu njia. Mwingine alikuwa anahesabu hatua kwa sauti na alifika elfu tisa. Mwisho tukamgeukia Apo Hadi, ambaye alikuwa anaangalia ncha ya fimbo yake.

"Goti liliniuma," akasema. "Nikasema 'Ya Ali.'"

"Hiyo ni dua, Apo," nikamsaidia.

"Lile la pili halikuwa dua."

Shemeji, watu walicheka mpaka wengine wakalia, na sijui walikuwa wanalia nini. Kisha wakaanza kugombania fomu, kwa kuwa ina nafasi ya jina moja. Haider alitaka la kwake lifike Ulaya. Api Kulsum ndiye aliyekata shauri: "Mwandikeni mwalimu. Maneno yake angalau yalikuwa na faida, ingawa aliyeokolewa ni Shakoor." Akaongeza kwamba Novemba hii barafu itabebwa na wanawake, maana wanaume wa Thangchu hawawezi hata kupanda mlima bila kutoa taarifa.

Nimesaini. Karatasi imo humu. Inasema mimi, Rozi Ali, niliharibu barafu kwa kuzungumza. Herufi ya kwanza niliiandika mara mbili, usidhani sahihi imeghushiwa.

Wakati wa kurudi Apo Hadi alinishika mkono.

"Unajua si wewe."

"Najua, Apo."

"Nilipokuwa kijana tulibeba barafu hii tunayokunywa hadi leo," akasema. "Tuliongea njia nzima. Tulikuwa vijana. Ikashika."

Akaniachia mkono akaingia kwake. Tangu hapo nimekuwa na wasiwasi wa aina nyingine, Shemeji. Ule wa kwanza nilikuwa nimeuzoea.

Rozi Ali


Thangchu, 14 Novemba 2019

Mdogo wangu Shakoor,

Mume wangu anasema barua hii niandike mimi, kwa sababu yeye sasa ni mtu maarufu na anaogopa kila neno lake litawekwa kwenye jalada. Tumepata mwaka wenu. Ahsante. Nyumba tatu zilizokuwa zinafunga mizigo zimefungua, isipokuwa ya mke wa Haider, anasema amechoka kufungua.

Tulibeba. Wanawake kumi na wawili, mimi nilikuwa wa tano. Api Kulsum alitutangulia hadi kwenye mwamba wa kwanza, akabaki pale kutuhesabu. Hatukuvaa makoti yenu, nilikagua kola zote kwanza nikaona afadhali tuache.

Hakuna aliyesema neno. Siku mbili. Binti wa Manzur alijikata kidole kwenye jiwe, akanionyesha, nikamfunga, akanishukuru kwa macho. Kwenye ule ufa wako tulipita tumeshikana mikono, na aliyekuwa mbele alimvuta aliyekuwa nyuma. Hakuna aliyeimba. Nilisikia mapigo ya moyo wangu na ya mwenzangu wa mbele, sijui kama unajua kwamba inawezekana.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, tukiwa tumeshapita mahali ambapo hata majani hayaoti, mvua ilianza. Si theluji. Mvua ya vuguvugu, kama ya Islamabad. Ilinyesha hadi tulipofika. Nilihisi barafu inanitiririkia mgongoni, inaingia kiunoni, inashuka hadi kwenye viatu. Nilitaka kupiga kelele kuliko nilivyotaka wakati wa kuzaa. Niliwaangalia wenzangu, nao vinywa vimefungwa, maji yanawatoka chini ya vikapu. Hatukuweza kuweka mzigo chini. Tukaongeza mwendo tu.

Nilipimiwa kilo ishirini na tano nilipotoka. Nilichoweka pangoni nilikiinua kwa mkono mmoja.

Tumeipanda, tumeifunika, tumeiombea. Sijui kama itashika. Rozi anapanda paani kila jioni kuangalia mawingu, na hampigii mtu simu.

Agosti watakuletea tena ile fomu. Sisi hatuna jina la kukupa safari hii, Shakoor. Andika kwamba tulinyamaza, na mvua ikanyesha. Wakiirudisha na kalamu nyekundu, iandike tena.

Dada yako,
Hajira